Sauti Safi ya Mwenzangu

Mke wangu aliniambia tukiwa mezani, katika mapumziko ya mchana, kwamba sauti yake inatoka vizuri zaidi ikirekodiwa kwa mwenzangu kuliko kwangu. Nilikuwa na tonge la bugali mkononi. Nililichovya katika mchuzi wa sambaza, vile vidagaa vya ziwani, nikalitia kinywani, nikatafuna kama mtu ambaye hajasikia kitu.

"Papa, usikasirike," akasema. "Kule inatoka safi. Hapa kwetu ni kama mutu anaimba na kitambaa mbele ya kinywa."

"Mikro yetu na yake ni za aina moja."

"Miye sijuwe mambo ya mikro. Nasema tu ile nasikia."

Siku za kazi mimi ni karani. Ofisi yetu inaandika karatasi za forodha za mizigo inayopitia Bunagana, na tangu asubuhi hadi jioni ninanakili uzito wa magunia na majina ya bidhaa. Lakini Jumamosi na Jumapili alasiri nilikuwa mtu mwingine. Katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu nilikuwa nimefunika kuta za mbao kwa mablanketi mazito, nikasimamisha mikro, yaani maikrofoni, juu ya mguu wake wa chuma, kompyuta juu ya meza ndogo, na kati ya viwili hivyo kadi ya sauti, yaani kile kisanduku kinachopokea sauti ya mikro, kikaigeuza kuwa namba, kikazipeleka namba hizo ndani ya kompyuta kwa waya wa USB. Kwa miaka sita korali za parokia yetu zilirekodi nyimbo zao kwangu. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na katika korali kubwa ndiye soprano anayepewa sehemu za kuimba peke yake.

Huyo mwenzangu tulijifunza pamoja. Wazazi wake wametoka Rutshuru, wangu wametoka upande wa Bukavu, na sisi wawili tulikutana kanisani, kwenye meza ya sauti, tukiwa vijana. Kaske, yaani visikilizio vya kuvaa kichwani, ilikuwa moja tu. Yeye alisikiliza kwa sikio la kushoto, mimi la kulia, vichwa vimegusana, na kila mmoja alimwambia mwenzake alichosikia. Baadaye naye alifungua chumba cha kurekodi, mitaa miwili chini ya kwangu. Sikuona ubaya. Korali ni nyingi katika mji huu.

Ubaya ulianza shemeji yake, ambaye ni mfanyabiashara, alipomletea kadi mpya kutoka Uganda. Mwenzangu aliniita niione. Ilikuwa nyeusi, nzito kama jiwe la volkano, na vifungo vyake vilizunguka taratibu bila kulegea. Niliishika, nikaigeuza, nikamwambia, "Hongera, ndugu yangu." Mdomo wangu ulikuwa mchungu nilipokuwa nikisema hivyo.

Siku ile ya bugali na sambaza, mke wangu alipokwisha kuondoka kwenda shuleni, kabla sijarudi ofisini, nilitoa katika mkoba wake wa kanisani flashi aliyopewa na mwenzangu. Nilivaa kaske, nikafungua wimbo. Piano ilianza. Kisha, kabla mke wangu hajaimba neno la kwanza, nikasikia anavuta pumzi.

Nimelala kando ya pumzi hiyo miaka kumi na minne. Naijua akiwa amechoka, akiwa na homa, akiwa amekasirika na anajifanya amelala. Katika nyimbo zote nilizomrekodi mimi, pumzi hiyo ilikuwa mchakacho tu, kama karatasi inayokunjwa chumba cha pili. Hapa ilikuwa pumzi yake hasa, na ilikuwa imetoka katika kisanduku cha mwanamume mwingine. Nilivua kaske. Nikaivaa tena. Nilisikiliza sekunde zile tatu labda mara ishirini.

Toka hapo sikutulia. Nilianza kusoma kila nilichopata kuhusu sauti na kompyuta, ofisini, kati ya karatasi mbili za forodha, kwenye simu yangu. Ndipo nilipoelewa ugonjwa wa chumba changu. Sauti inapoingia kwenye kadi hukatwa vipande vidogo sana, maelfu na maelfu kwa sekunde moja, na kila kipande lazima kichukuliwe kwa wakati wake barabara. Kuna saa ndogo ndani ya mtambo inayosema: sasa, sasa, sasa. Saa hiyo ikiyumba, kipande kimoja huwahi kidogo, kingine huchelewa kidogo, na sauti inapata ukungu. Herufi s inatapakaa. Noti za juu za mwanamke zinakwaruza. Mafundi wanaita jambo hilo jitter. Mimi niliita kuyumba kwa saa. Kadi yangu ya bei rahisi haikuwa na saa ya kutegemewa. Ilifuata mapigo yaliyotoka kwa kompyuta kupitia waya wa USB, na kompyuta ina kazi mia nyingine. Kadi ya mwenzangu ilikuwa na saa yake yenyewe, imara, na kompyuta ndiyo iliyolazimika kuifuata.

Jambo baya zaidi nililosoma ni hili: saa ikiyumba wakati wa kusikiliza, unaweza kubadili mtambo na sauti ikanyooka. Ikiyumba wakati wa kurekodi, ukungu umeingia moja kwa moja. Hakuna wa kuutoa. Nilifikiria miaka yangu sita ya korali.

Nikaanza kazi. Waya wangu wa USB ulikuwa na urefu wa mita tatu, nikatafuta mfupi, wa kiganja na nusu. Kadi ilikuwa imechomekwa kwenye kigawanyo kimoja pamoja na kipanya, flashi na chaja ya simu; nikaiondoa hapo, nikaipa tundu lake peke yake ubavuni mwa kompyuta. Nilizima intaneti. Nilizima ule mpango wa kompyuta unaolaza matundu ya USB ili kubana umeme. Niligundua pia kwamba umeme wa betri zetu za sola, ukipita katika kigeuzi, ulileta mvumo hadi ndani ya kadi. Basi nikawa ninachomoa chaja na kurekodi kwa betri ya kompyuta peke yake. Kulikuwa na milio mingine, tik, tik, kama punje ya mchanga katika wali. Hiyo niliona haikuwa kuyumba kwa saa bali vipande vilivyopotea njiani kwa sababu kompyuta ilichelewa kuvipokea. Niliipa kompyuta nafasi kubwa zaidi ya kuvipanga, na milio ikaisha.

Kila hatua nilimwita mke wangu aimbe mstari mmoja. Aliimba akiwa amesimama kati ya mablanketi, na unga wa chaki ungali mikononi. Siku ya mwisho alisikiliza hadi mwisho, macho ameyafumba.

"Imekuwa muzuri sana," akasema. "Kweli, Papa. Imekaribia."

Afadhali angesema ni mbaya. Neno hilo, imekaribia, nilitembea nalo wiki nzima.

Kisha kamati ya korali ikaamua kurekodi nyimbo kumi, na ikamchagua mwenzangu. Rais wa korali alikuja nyumbani kunieleza kwa heshima, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akanywa chai yote. Nikamwambia hakuna shida. Mke wangu akawa anaenda kule alasiri tatu kwa wiki. Alirudi akiimba kwa sauti ya chini, viatu vimejaa vumbi jeusi, na mimi nikamuuliza maswali ya kipumbavu.

"Mulikuwa wangapi leo?"

"Sisi wote."

"Na mulipomaliza?"

"Tulimaliza. Nikatoka. Nikarudi." Akanitazama. "Uko na nini, weye?"

Sikumshuku mke wangu na mwanamume yule. Nataka hilo lieleweke. Nilikuwa nikimwonea mwenzangu wivu kwa kitu ambacho sikuweza kukisema mbele ya mtu: kwamba yeye ndiye aliyemsikia mke wangu vizuri.

Alasiri moja, yeye mwenyewe alinipigia simu. "Kuya usikie wimbo wa kwanza, ndugu. Unipatie maoni yako."

Nilienda. Aliniketisha kwenye kiti chake, mbele ya kompyuta yake, akanivika kaske kwa mikono yake miwili. Wimbo ulikuwa mzuri. Nilikuwa bado nasikiliza wimbo, hodi ikabishwa nje. Chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili la kusukumwa, lilikuwa limeleta bidoni za maji. Mwenzangu akatoka kuyapokea.

Kando ya kadi yake kulikuwa na mashine ya zamani ya kurekodi diski, aliyoiunganisha na kadi kwa waya mmoja ili ahamishe nyimbo za zamani za parokia. Ilikuwa inawaka. Kwenye kioo cha kompyuta nilifungua ukurasa wa mipango ya kadi. Palikuwa na mstari mmoja tu uliohusu saa, wenye chaguo mbili, saa ya ndani na saa ya nje. Nilichagua ya nje. Kuanzia hapo, kadi ile nzuri iliacha saa yake yenyewe ikaanza kufuata mapigo ya mashine ile chakavu. Nilifunga ukurasa. Nilisikia bidoni zikiwekwa chini moja baada ya nyingine. Aliporudi, mikono imelowa, nikamwambia wimbo ni mzuri, labda piano ipunguzwe kidogo.

Nilikuwa nimetumia miezi kujifunza namna ya kuituliza saa ya sauti, na matumizi ya kwanza makubwa ya elimu hiyo yalikuwa hayo.

Wiki iliyofuata mke wangu alirudi bila kuimba. Alichemsha tangawizi.

"Sauti yangu inaharibika," akasema. "Leo tumerudilia mara sita. Juu kule inakwaruza."

"Labda ni mavumbi," nikasema.

Alikunywa tangawizi kila siku. Alianza kukataa kupaza sauti darasani. Kule kwa mwenzangu walibadili mikro, wakabadili waya, wakahamisha kadi tundu hadi tundu. Mwenzangu alifuta programu zote akaziweka upya, bure, kwa sababu kadi yenyewe ndiyo iliyokumbuka amri yangu. Mwezi haukuisha rais wa korali akarudi kwangu, safari hii akakaa vizuri kitini. Waliniomba nirekodi nyimbo zilizobaki. Tulirekodi nne. Chumba changu kilijaa watu na jasho, mke wangu akasimama kati ya mablanketi yangu, nami nilifurahi. Lazima niseme ukweli, nilifurahi sana. Sauti yangu haikuwa imezidi ile aliyokuwa nayo mwenzangu mwanzoni. Ilikuwa imezidi tu ile niliyomharibia.

Jumapili moja baada ya misa, mwenzangu alikuja nyumbani. Alivua kofia mlangoni. Alikuwa amekonda. Mke wangu alikuwa bado kanisani, kwa hiyo tulikaa wawili.

"Ndugu, niko na shida," akasema. "Siyo ya mashini. Nafikiri ni ya masikio."

"Masikio ginsi gani?"

"Nasikia sauti za bamama zimechafuka. Kila siku. Nilienda kwa muganga wa masikio, akanipima, akasema haina kitu. Sikumwamini." Alizungusha kofia katika mikono yake. "Papa yangu alianza vile vile, akiwa na miaka kama yangu. Kwanza ilikuwa sauti za juu. Alikuwa anasema mama anaongea vibaya, anamgombeza aongee muzuri. Kumbe ni yeye. Leo hata ukipiga ngoma kando yake hasikie."

Niliitazama kofia ikizunguka.

"Nimewaza nimurudishie shemeji ile kadi. Lakini mbele ya kufanya ile, kuya unisikilizie. Masikio yako, njo ile naamini."

Huo ndio wakati niliopaswa kusema. Alikuwa amekaa mbele yangu, magoti yetu karibu yagusane. Badala yake nilisimama, nikachukua koti, nikasema, "Twende."

Kule nilifanya mchezo wa aibu. Nilichomoa waya, nikaupuliza, nikauchomeka. Niligonga mikro kwa kidole. Nilimuuliza maswali kuhusu umeme. Nusu saa nzima nilizunguka chumba kile kama daktari, naye akinifuata na kunishikia taa ya simu. Mwishoni nikafungua ukurasa ule, nikasema, "Ah! Angalia huku. Kadi inafuata saa ya nje," na nikairudisha kwenye saa ya ndani.

Alivaa kaske, akaimba maneno mawili mwenyewe, akarekodi, akasikiliza. Kisha akakaa chini sakafuni na kucheka, na kicheko kikawa kilio. "Siyo masikio," akasema. "Siyo masikio yangu." Alinikumbatia miguu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu.

Alisimulia parokia nzima. Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, rais wa korali alinishika mkono kwa mikono miwili. Mama mmoja wa alto aliniita fundi wa mafundi. Mwenzangu alisimama kando yangu akitabasamu, akirudia jinsi alivyotafuta mwezi mzima na mimi nikaona kwa nusu saa. Miguu yangu ilitaka kunibeba kwenda nyumbani, lakini nilibaki pale, nikapokea sifa zote.

Nilivumilia siku nne. Alhamisi, mke wangu akisahihisha madaftari ya wanafunzi, nilimwambia yote. Alishika kalamu nyekundu bila kuandika. Alipozungumza, hakupaza sauti.

"Miye nilikunywa tangawizi mwezi muzima."

"Najua."

"Nilikuwa nafikiri nimeisha. Nilikuwa nimejipanga kuambia korali batafute mwingine." Alifunga daftari lililokuwa mbele yake. "Unajua, na ulikuwa unaniona nachemsha."

"Nisamehe, Mama."

"Uende umwambie. Sitamwambia miye, ni mudomo wako. Lakini mupaka umwambie, sitaimba tena katika ile chumba."

Mwenzangu hakuwepo kwake. Walinieleza yuko kwa dada yake, upande wa Lac Vert. Nilipanda pikipiki, tukapita Mugunga, upepo wa ziwa ukitupiga ubavuni, na njia nzima nilipanga maneno. Nilimkuta uani amekaa kwenye kiti cha plastiki, akimenya maharage mabichi pamoja na dada yake. Dada aliniona uso wangu, akachukua beseni akaingia ndani. Maneno niliyopanga yote yalipotea.

"Ile saa ya nje," nikasema. "Ni miye niliiweka."

Hakuelewa mara moja. "Uliiweka ginsi gani?"

"Siku ile ulitoka kupokea maji. Nilikuwa kwenye kiti yako."

Alikuwa na ganda la haragwe kati ya vidole. Aliliweka chini polepole. "Juu ya nini?"

"Wivu."

"Wivu ya mashini?"

"Ya mashini. Na ya ginsi mashini yako inasikia bibi yangu."

Alitazama mbali, kule miti inakoshuka majini. Nilisubiri matusi. Nafikiri niliyahitaji.

"Kugusa mashini," akasema hatimaye, "ile naweza kuelewa. Hata miye, wakati ulikuwa na korali zote, nilikuwa nakuonea wivu. Lakini nilikuya kwako. Nilikueleza juu ya papa yangu. Ulikuwa hapa, miye hapa. Si ungesema?"

"Ningesema."

"Ukanyamaza. Ukafika kwangu ukatafuta waya nusu saa, na miye nakushikia taa." Alilisukuma lile ganda kwa mguu. "Ile nusu saa, ndugu. Ile ndiyo sijuwe nitaifanya nini."

Aliniambia nirudi nyumbani, leo hana neno lingine. Nilirudi.

Hakumwambia mtu yeyote, na dada yake pia hakusema. Nilikwenda mwenyewe kwa rais wa korali, nikamweleza niliyoyafanya na kuomba zile nyimbo nne zirekodiwe upya kwa mwenzangu. Rais aliitikia. Zilirekodiwa upya. Mke wangu hakurudi haraka kuimba chumbani kwangu hata baada ya kujua nimesema. Ilimchukua hadi mvua zilipoanza, na alikuja siku moja tu bila kuitwa, akasimama mahali pake, akaniambia niwashe.

Ningependa kusema wivu uliisha. Ulipungua. Bado ninapochomeka ule waya mfupi na kuzima vitu vyote ninavyovizima, ninajua kuna sauti safi zaidi mitaa miwili chini.

Mwaka huu parokia ilituomba sisi wawili turekodi pamoja misa ya kipaimara. Yeye alileta kadi yake na kompyuta yake, mimi nilileta mikro mbili. Tulisalimiana vizuri, akauliza habari za watoto, nikauliza za dada yake. Tulikuwa tumepanga nusu ya waya, altare bado inapambwa maua, mtu alipomwita kutoka mlango wa nje. Alisimama kwenda. Akapiga hatua mbili, akasita. Kisha akarudi, akachomoa waya wa USB taratibu bila kunitazama, akafunga kompyuta yake, akaiweka chini ya kwapa, akatoka nayo.

Nilibaki kwenye ngazi ya altare na mikro mkononi. Aliporudi aliifungua, akachomeka upya, akangoja taa ya kadi iwake.

"Nipe mikro ya kwanza," akasema.

Nikampa.